Panga Kurudi Kwanza: Siku Moja ya Kuvua kwa Chombo Kidogo

Wageni wanaokodi boti Nungwi, Kigamboni, Kilindoni au Shimoni kwa siku moja ya kutembea na kuvua huuliza kwanza samaki wako wapi. Wavuvi wa maeneo hayo huanza kwingine. Mvuvi wa Tumbatu anayetoka alfajiri na ngalawa yake, kabla hajapandisha tanga, ameshajua maji yatakuwa wapi wakati wa kurudi, upepo utakuwa umegeukia wapi adhuhuri, na ataingilia mlango gani wa mwamba. Samaki huja baada ya hesabu hiyo.

Mpangilio huo ndio unaomfaa hata mtu wa mjini anayetaka kujifurahisha na jamaa zake siku ya Jumapili. Ajali nyingi za vyombo vidogo hutokea mchana, karibu na pwani, kwa watu waliochelewa kurudi, waliopungukiwa mafuta au waliokuta maji yamewaacha. Yote matatu huzuilika nchi kavu, jioni ya kabla ya safari, kwa kalamu na karatasi.

Msimu gani, upande gani wa kisiwa

Pwani ya Afrika Mashariki inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika zamu yake kuanzia Aprili na huwa kali zaidi Juni, Julai na Agosti. Katikati ya zamu hizo kuna maleleji, siku ambazo upepo hulegea na haujaamua uelekee wapi. Kwa chombo kidogo chenye watu wasiozoea bahari, miezi ya demani, kusi inapochoka kuanzia Septemba hadi Novemba, na siku tulivu za kaskazi ndizo za kuchagua.

Julai si mwezi wa kujaribia. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka, na watu wengi wakapoteza maisha. Ile ilikuwa meli ya abiria. Boti ya faiba ya mita 7 haina la kujivunia mbele ya mawimbi kama yale.

Anayelazimika kutoka wakati wa kusi afanye kama wavuvi wafanyavyo: ajifiche nyuma ya kisiwa. Kusi ikivuma, pwani ya kaskazini magharibi ya Unguja, kuanzia Kendwa hadi Nungwi, hukingwa na nchi kavu, wakati upande wa Jambiani na Makunduchi unapigwa moja kwa moja. Kaskazi ikishika, mambo hugeuka: ncha ya Nungwi huwa wazi kwa mawimbi, na ghuba ya Menai upande wa Fumba hupata utulivu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua bandari ya kuondokea, mtu aangalie kalenda.

Baada ya msimu huja siku yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari kila siku, na tahadhari zake hutaja kasi ya upepo na kimo cha mawimbi. Tangazo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 lina jibu moja kwa boti ndogo: safari iahirishwe. Kenya, idara ya hali ya hewa hutoa taarifa za namna hiyo hiyo. Wapo wanaosema pwani yetu haina vimbunga, lakini mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania na kupita Mafia, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasimamishwa. Mtu aliyesoma taarifa siku mbili kabla alikuwa na muda wa kutosha kuvuta chombo chake juu.

Kuna pia mwendo wa upepo ndani ya siku moja. Alfajiri, pwani ya bara, umande huvuma taratibu kutoka nchi kavu na kuwasukuma wenye matanga kwenda nje. Jua likipanda, nchi hupata joto na upepo wa baharini huanza kuingia, ukikaza kati ya saa sita na saa kumi. Ndiyo maana bahari iliyokuwa shwari saa kumi na mbili asubuhi huwa na vichwa vyeupe vya mawimbi baada ya adhuhuri. Safari ya starehe iwe imekwisha, au iko karibu na nyumbani, kabla ya saa nane mchana.

Maji ya kutokea na maji ya kurudia

Maji ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa hukaribia mita 4 katika siku zake kubwa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi kama mita 1. Bamvua kubwa kuliko zote huangukia karibu na Machi na Septemba.

Katika eneo hili bamvua lina saa zake, na anayezijua haachwi na maji. Mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hujaa kama saa kumi alfajiri, hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kisha hujaa tena saa kumi alasiri. Siku ya maji mafu mpangilio hugeuka: hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa saa kumi alasiri. Majedwali ya kupwa na kujaa hutoa saa kamili kwa kila bandari, lakini hata asiye na jedwali anaweza kutazama mwezi na kukadiria.

Anayetoka Nungwi saa kumi na moja na nusu alfajiri siku ya mwezi mpevu huondoka na maji yanayokupwa. Saa nne miamba iko wazi, na chombo kinapaswa kuwa kwenye kina wakati huo. Saa nane mchana maji yameshapanda zaidi ya nusu na kurudi ni rahisi. Safari hiyo hiyo ikifanyika Jambiani au Paje inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu upande huo wa mashariki una wangwa mpana kati ya ufuko na mwamba wa nje. Maji yakipwa, ngalawa hulala ubavu mchangani na watu hutembea kwa miguu kwenda kuokota pweza. Chombo kilicho nje ya mwamba saa nne asubuhi hakina njia ya kufika nyumbani hadi maji yarudi, hata kama mgonjwa yumo ndani. Hilo lijulikane kabla ya kutweka.

Maji pia hayashuki kwa mwendo mmoja. Yagawanywe kwenye sehemu 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3.6, hizo ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60 na 30. Saa ya tatu na ya nne, kina hupungua karibu mita 2 kwa jumla. Anayeegesha boti juu ya fungu la mchanga ili watu waogelee na kula, akasema wataondoka baada ya saa moja tu, anaweza kukuta mashine imekaa mchangani.

Mlango wa mwamba una hatari yake. Maji ya wangwa yanapotoka kwa kasi na kukutana na mawimbi yanayoingia, mlangoni hupanda mawimbi mafupi yaliyosimama wima ambayo hujaza boti kwa dakika moja. Nahodha mzuri husubiri nje, hutazama mawimbi matatu au manne yapite, kisha huingia nyuma ya wimbi kubwa bila kulipita. Abiria wakae chini na wanyamaze.

Chombo na nahodha

Ngalawa yenye mirengu miwili ni imara kuliko wageni wanavyodhani, na kwa kuvua karibu na pwani haina kelele wala harufu ya petroli. Mashua hubeba watu zaidi. Boti ya faiba yenye mashine hufika mbali na kurudi haraka. Chombo chochote kati ya hivyo kinafaa kikiwa kizima, na uzima wake huonekana kabla ya kupanda: ngama iko kavu au ina maji mengi? Upo wa kutolea maji upo? Nanga imefungwa kwenye kamba, na kamba ina urefu gani? Mashine inawaka kwa mvuto wa kwanza au wa kumi?

Nahodha asalimiwe kwa heshima, kisha aulizwe bila aibu. Chombo kimesajiliwa? Kina majaketi okozi mangapi? Leo maji yanajaa saa ngapi? Anayejibu swali hilo la mwisho papo hapo ni mtu wa bahari. Anayetoa simu kutafuta kwenye intaneti anaweza kuwa dereva mzuri wa boti, lakini aendaye naye asivuke Nungwi kwenda Pemba. Na nahodha akisema leo hatutoki, malipo yasitumiwe kumshawishi. Hilo ndilo neno muhimu kuliko yote atakayosema siku hiyo.

Idadi ya watu ihesabiwe ufukweni, watoto wakiwemo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake, na Zanzibar ikapata msiba mkubwa ambao familia nyingi hazijaumaliza. Chombo kidogo huzidiwa kwa njia ile ile: mtu mmoja wa ziada, kasha la barafu, kreti za soda, na ghafla ubavu umekaribia maji. Jaketi okozi livaliwe tangu ufukweni, na watoto wapewe la saizi yao. Lililofungiwa chini ya kiti halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka.

Hesabu ya mafuta

Kanuni ya theluthi inatosha: theluthi mbili za kwenda, kuvua na kurudi, theluthi ya akiba isiyoguswa. Mashine ya farasi 40 ikikimbizwa kikamilifu humeza takriban lita 15 kwa saa, na ya zamani ya mipigo miwili huzidi hapo. Ikiendeshwa kwa wastani, tuseme lita 12 kwa saa, saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi ni lita 24. Kuvua kwa saa tatu kwa mwendo wa polepole, lita 5 kila saa, ni lita 15. Jumla ni 39, na pamoja na akiba inakaribia 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Anayebeba mawili ili kuokoa pesa hana cha kumsaidia upepo ukikaza wakati wa kurudi, kwa kuwa kupanda mawimbi hula mafuta kuliko kushuka nayo.

Mafuta yachujwe yanapomiminwa, maana maji kidogo ndani ya dumu ndiyo huzima mashine katikati ya mkondo. Vipuri vichache viwemo: plagi, kamba ya kuwashia, pini ya propela na funguo zake. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa nahodha, ili akianguka mashine izime, boti isizunguke na kumrudia na propela.

Vya kubeba

Maji ya kunywa yawe lita 3 hadi 4 kwa kila mtu, zaidi ya yale ya kupikia chai. Kofia pana, shati la mikono mirefu na kanga ya kujifunika hukinga jua kuliko mafuta ya kupaka peke yake. Chakula kiwe chepesi: mihogo ya kuchemsha, mkate wa ufuta, ndizi, tende. Kisu kikali, kamba ya ziada, tochi, filimbi, kioo kidogo cha kumulikia, dawa na bandeji. Simu ziwe zimejaa chaji na zitiwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na zisiwe za mtandao mmoja. Boti inayokwenda mbali na pwani iwe na redio ya VHF, kwa kuwa chaneli 16 husikilizwa na vituo vya uokoaji na meli zinazopita.

Kitu kingine hakibebwi, huachwa nchi kavu: karatasi yenye majina ya watu wote, rangi ya chombo, mahali pa kwenda, saa ya kurudi na saa ambayo msaada uitwe. Apewe mtu mwenye kichwa kitulivu ambaye haendi safari hiyo.

Wanaougua kichefuchefu wanywe dawa yao kama saa moja kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika. Tumbo tupu na tumbo lililojaa vitumbua vya mafuta yote mawili huleta shida. Tangawizi huwasaidia wengi. Anayehisi vibaya akae katikati, mbali na moshi wa mashine, atazame upeo wa bahari na aache simu.

Kuvua

Kuvua kwa siku moja kuna njia mbili zinazompa mgeni matumaini ya kweli. Ya kwanza ni kurambaza, yaani kuburuta mshipi wenye chambo chombo kikitembea. Ngalawa yenye upepo mzuri au boti inayokwenda kama maili 5 hadi 7 za bahari kwa saa hupata nguru, sehewa, kolekole, mzia na jodari. Nguru na mzia wana meno ya kukata mshipi, hivyo mbele ya ndoana kuwe na kipande cha waya. Ndege wanaozunguka na kupiga mbizi mahali pamoja huonyesha dagaa wanaofukuzwa kutoka chini. Chombo kipite pembeni ya kundi, kisilikate katikati, la sivyo samaki watazama.

Mkondo wa Pemba una sifa ya pekee. Kati ya Unguja na bara kina ni cha makumi ya mita tu, kwa sababu bahari iliposhuka sana zama za barafu, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Kati ya Pemba na bara, chini huanguka hadi kama mita 800. Ndiyo sababu samaki wa bahari kuu kama sulisuli hupatikana karibu na pwani huko Shimoni. Kaskazini zaidi, Watamu na Malindi, wavuvi wa michezo huwavua sulisuli kwa wingi wakati wa kaskazi, na wengi wao huwaachia wakiwa hai baada ya kuwapachika alama. Taasisi ya African Billfish Foundation iliyoko Watamu hutumia alama hizo kufuatilia safari zao katika Bahari ya Hindi. Anayevua sulisuli kwa raha afuate mfano huo.

Njia ya pili ni mshipi wa chini. Chombo hutia nanga kando ya mwamba, mshipi wenye chubwi hushushwa hadi chini, kisha huinuliwa kidogo. Vipande vya ngisi, dagaa au vibua huvuta changu na chewa. Nanga itupwe kwenye mchanga, kamwe isitupwe juu ya matumbawe: jiwe lililochukua miongo kukua huvunjika kwa mvuto mmoja. Kamba iwe mara 5 hadi 7 ya kina, na kina kihesabiwe pamoja na maji yatakayojaa. Mita 6 za sasa zikiongezewa 3 za kujaa ni 9, kwa hiyo kamba isipungue mita 45.

Mkono ndio huumia zaidi kwenye mshipi. Mshipi wa mkononi usizungushwe vidoleni wala kwenye kiganja, kwani jodari mkubwa akikimbia huukaza ghafla na kukata hadi mfupani. Glavu za kitambaa zinatosha. Ndoana ikizama mwilini karibu na jicho au shingo isivutwe. Ifungwe isitikisike, chombo kirudi. Aliyechomwa na mwiba wa taa aloweke jeraha kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, maumivu hupungua, kisha aende hospitali.

Barafu, na samaki wa kuacha

Samaki wanne waliohifadhiwa vizuri wana thamani kuliko ishirini waliolala juani. Katika joto la pwani, kipimo salama ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, na barafu hununuliwa kabla ya kuondoka. Samaki akishavuliwa atolewe damu, matumbo na matamvua, aoshwe kwa maji safi ya bahari, kisha afukiwe ndani ya barafu iliyopondwa.

Hatari kubwa iko kwa jodari, sehewa, vibua na nguru. Wakiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na kupika, kukaanga au kuweka kwenye friji baadaye hakuiondoi. Mlaji huwashwa mdomo, uso humwiva, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio. Samaki wa jamii hiyo aliyekaa saa kadhaa bila barafu asiliwe, hata kama hana harufu.

Bunju arudishwe majini mara moja, kwa kuwa sumu yake huua na moto hauimalizi. Kasa naye asiguswe. Analindwa na sheria, na nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyojulikana kwa macho wala kwa ladha. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi walilazwa. Nguva na pomboo pia wamelindwa. Potwe wa Mafia, wanaoonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, watazamwe kwa mbali kidogo bila kuguswa, mashine ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa.

Pasipovuliwa

Safari nzuri inaweza kuharibika kwa kuvua mahali pasiporuhusiwa. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa vinavyopendwa na watu wa Dar es Salaam, ni maeneo tengefu ya bahari: huko watu huenda kuogelea na kula, samaki huachwa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini Tanzania, iliyoanzishwa 1995, imegawanywa kwenye kanda zenye masharti tofauti. Kenya, hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968, na ndani yake hakuna kuvua kabisa.

Mbali na sheria za serikali, kuna makubaliano ya vijiji. Wavuvi wa Kisiwa Panza wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huifungua kwa pamoja. Mgeni anayetia nanga hapo na kuvua huwaibia watu waliovumilia njaa ya muda kwa ajili ya kesho yao. Ofisa uvuvi, kamati ya wavuvi ya kijiji au, Kenya, wasimamizi wa BMU, vikundi vya kusimamia fukwe, watamweleza kila kitu dikoni kwa dakika tano, pamoja na leseni anayohitaji.

Mashine ikizima

Jambo la kwanza mashine inapozima ni nanga, kabla ya funguo na kabla ya kulaumiana. Mkondo wa bahari wa pwani hii huelekea kaskazini, na kusi huuongezea nguvu. Chombo kilichozima kaskazini mwa Unguja huanza kuchukuliwa kuelekea Pemba na Kenya wakati watu wangali wanabishana juu ya plagi. Kwenye kina kidogo nanga humaliza tatizo hilo. Kwenye mkondo wa Pemba haifiki chini, kwa hiyo ndoo mbili au turubai lifungwe kwenye kamba na kushushwa kutoka omo, ili chombo kielekee mawimbi na kisisukumwe upesi.

Kisha simu ipigwe mapema, jua likiwa bado juu, kwa nahodha mwingine wa jirani na kwa mtu aliyeachiwa karatasi. Ujumbe uwe mfupi: chombo gani, watu wangapi, mahali wanapoonyeshwa na simu, na tatizo lenyewe. Chombo kikipinduka, kila mtu akishikilie. Kichwa kimoja majini hakionekani hata kwa mita mia chache, lakini chombo kilichopinduka huonekana kutoka mbali, na waogeleaji hodari wanaojaribu kufuata ufuko ndio mara nyingi hawafiki, kwa kuwa ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo.

Boti ikirudi salama, bado kuna kazi. Watu wahesabiwe tena wanaposhuka na aliyeachiwa karatasi apigiwe simu mara moja, asiachwe na wasiwasi hadi jioni. Mashine iendeshwe kwa maji baridi dakika chache kutoa chumvi, mishipi isuuzwe na ndoana zikaushwe. Samaki wagawanywe hapo hapo dikoni, barafu ikiwa bado ipo, na sehemu ya mabaharia itengwe kwanza kama walivyokubaliana asubuhi. Mwisho nahodha aulizwe siku ya bamvua lijalo, iandikwe pamoja na saa za maji, ili anayetaka kutoka tena aanze kupanga mapema.